Panya wa Alasiri

Kuna nyumba zinazoishi kwa shamba na kuna zinazoishi kwa duka, lakini hii ninayoisimulia iliishi kwa panya, tena kwa njia mbili zisizotazamana. Mume alikuwa muuza sumu na mitego. Alizunguka mitaani na kipaza sauti begani na kikapu mkononi, na watu walimwita Mzee Sumu, ingawa alikuwa mpole kiasi kwamba hata kuku wa nyumbani kwake ilibidi achinjwe na jirani. Mke alikuwa mtunza panya katika taasisi ya utafiti wa saratani. Kila asubuhi walitoka pamoja, wakifika njia panda mmoja anashika njia ya kuua, mwingine ya kulea. Majirani hawakuchoka kulicheka jambo hilo. "Mwenzio anazalisha, wewe unamaliza," walimwambia mzee. "Biashara yenu haifi hata siku ya mwisho wa dunia."

Kazini mke aliitwa Mama Usafi. Jina lilimpata miaka kumi na tisa nyuma, alipoajiriwa kupiga deki korido, na halikumtoka tena. Ilitokea kwamba mtunzaji aliyekuwapo alishikwa na mzio wa manyoya, akawa anapiga chafya mpaka panya wanarukaruka vizimbani, na siku moja akaaga akaenda zake. Wiki mbili nzima wasomi wote wakawa na shughuli muhimu. Basi mwenye fagio akaitwa, akaambiwa, "Mama, wape maji na chakula kwa muda tu." Muda ule ulikuwa haujaisha bado. Aliingia akiwa anaogopa hata mkia wa panya. Baada ya miaka miwili mitatu, akawa anajua nani anaumwa kwa kumtazama anavyokaa, nani ameonewa na wenzake usiku, nani amechoka kuishi. Barua yake ya kazi ilimtaja kuwa mtaalamu msaidizi wa wanyama wa maabara, lakini barua ilikaa kwenye faili, na watu waliendelea kumwita kwa jina la ndoo.

Mwaka ninaousema, taasisi ilikuwa na mashine mpya ya protoni, ya kuunguza uvimbe wa saratani kwa mwali. Mkuu wa utafiti alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, na wote walimwita Profesa. Ndiye aliyemweleza Mama Usafi maana ya mashine ile, wakiwa wamesimama kati ya rafu za vizimba.

"Eksirei ya kawaida," alisema, "ni kama mgeni anayeingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, na kila alipopita amekanyaga. Protoni ina adabu. Inaingia, inafika kina ulichoipimia, inatua mzigo wake hapo, inasimama. Nyuma ya uvimbe haigusi kitu."

"Na ukiwa umekosea kupima?" Mama Usafi akauliza.

Profesa alicheka. "Hapo adabu yote inakwenda kwa asiyehusika. Ndiyo maana tunapiga picha kwanza."

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Panya mweusi mwenye uvimbe kwenye pafu alilazwa kwa hewa ya usingizi, akawekwa kifudifudi juu ya kitanda cha plastiki chenye joto, kitanda kisichozidi urefu wa kiganja, pua yake ndani ya kikombe kidogo kinacholeta hewa ile. Aliingizwa kwenye mashine ya picha, nayo ikamzunguka na kumchora tabaka kwa tabaka, mpaka uvimbe ukaonekana kwenye kompyuta, mdogo kama punje ya mtama. Kompyuta ikapiga hesabu: mwali uingie ubavu upi, uende kina gani, ukome wapi. Kisha panya, kitanda na mtungi wa hewa vikapandishwa juu ya kitoroli, vikasukumwa hatua thelathini na nne za korido mpaka chumba cha protoni. Huko kitanda kikabanwa kwa vishikizo viwili vya chuma, watu wakatoka, mlango wa zege mnene kama ukuta ukasogea kwenye reli yake, na mwali ukapigwa.

Mwenye mwali alikuwa kijana mmoja daktari wa fizikia, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyependa kuliko vyote kusema kwamba mwali wake haukosei zaidi ya nusu milimita. Alilisema kwenye mikutano, alilisema kwa wageni, na inasemekana alilisema hata kwa kinyozi. Jina lake halisi lilibaki kwenye mshahara. Watu walimwita Milimita.

Wakagawana kazi. Asubuhi kitoroli alikisukuma Mama Usafi. Alasiri alikisukuma Milimita mwenyewe, kwa kuwa saa hizo mama alikuwa akibadilisha maranda ya mbao yanayotandikwa vizimbani, na kanuni ya taasisi ilitaka maranda mapya yawe yamewekwa kabla ya saa kumi. Panya walikuwa themanini na wanane, nusu wa asubuhi, nusu wa alasiri, na kila mmoja alipata zamu yake kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Upendeleo kweli haukuwapo, ila kulikuwa na jambo jingine.

Wiki sita zikapita, matokeo yakatoka, na matokeo yalikuwa aibu. Panya waliopigwa kiasi kilekile cha mwali hawakufanana. Huyu uvimbe umeyeyuka, mwenzake wa kizimba kilekile uvimbe umenenepa kuliko mwanzo. Kwenye grafu nukta zilitawanyika kama mtama uliomwagikia sakafuni.

"Mwali wako unayumba," Profesa alimwambia Milimita.

"Mwali wangu una kosa la nusu milimita, Profesa. Panya wako ndio wasiofanana. Tatizo ni la biolojia."

"Panya hawa ni ndugu wa damu vizazi na vizazi. Wanafanana kuliko kalamu zako."

Wakaitisha kikao. Wakaingia wataalamu wa takwimu, wa dawa ya usingizi, wa vinasaba, na wengine wanne wakajiunga kutoka mbali, nyuso zao zikiwa kwenye kioo ukutani. Mama Usafi hakuitwa kikaoni ila kwa ajili ya kuongeza viti. Walizungumza kuanzia saa tatu mpaka saa saba, wakakubaliana kwamba kinahitajika kikao kingine. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, na siku hiyo wataalamu wengi hawakuchimba hata kidimbwi.

Sasa, Mama Usafi alikuwa na tabia moja. Aliandika. Kila panya alikuwa na mstari wake katika daftari la miraba: namba ya sikio, saa aliyolala, saa aliyoamka, aliamkaje, nani alisukuma. Kwenye safu ya msukumaji aliandika "mimi" au "yeye". Hakuna aliyemtuma. Alianza zamani kwa sababu kichwa chake hakikuwaweza panya mia tatu kwa pamoja, na baadaye ikawa mazoea kama kufunga mlango. Na kwa muda wa wiki kama mbili kulikuwa na kitu kilichokuwa kikimkereketa bila kujua ni nini. Manyoya meusi, pale mwali unapoingilia, hugeuka meupe baada ya siku ishirini hivi. Kila panya alikuwa amebandikwa doa lake jeupe ubavuni, na alipokuwa akiwashika kuwapima uzito, jicho lake lilikuwa likisema hapa pana neno.

Neno lenyewe lilimjia Jumapili mchana, nyumbani, kutoka mdomo usiotarajiwa. Mzee Sumu alikuwa mezani akifunga springi za mitego, mkewe akimenya viazi. Mzee alikuwa akilalamikia mteja wake wa jana.

"Ananiambia, panya haonekani, nitamtegaje? Nikamwambia, bwana, mimi panya simtafuti. Panya ni mjanja, hutamwona mpaka kesho kutwa. Mimi natafuta alama. Popote alipopita mara mbili mara tatu ameacha mafuta ya manyoya ukutani. Yeye anaweza kusema uongo, alama haiwezi."

Mama Usafi akaacha kisu.

"Na kama unachotafuta si alikopita panya," alisema polepole, "ila kilichompitia panya?"

Mzee alifikiri, akakuna kidevu. "Mama watoto, hapo umenivuka."

"Utatafuta alama vilevile."

"Basi ndiyo," mzee alisema, akarudi kwenye springi zake, asijue amefanya kazi ya kikao cha saa nne.

Jumatatu aliwahi kabla ya wote. Alichukua karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, akaichora miraba kwa kalamu ya wino, kila mraba milimita moja kwa moja. Akamshika panya wa kwanza, akampakata, akamlazia ile plastiki ubavuni: kutoka bega mpaka doa, miraba kadhaa, kutoka uti wa mgongo mpaka doa, miraba kadhaa. Akaandika. Akamchukua wa pili. Siku tatu aliiba dakika hapa na pale mpaka themanini na wanane wakaisha. Kisha akafungua daftari, akaweka safu mbili ubavu kwa ubavu.

Panya wa "mimi" walikuwa na doa mahali pamoja, kama muhuri wa posta. Panya wa "yeye" doa lilikuwa popote: huyu limepanda kuelekea shingo, huyu limeshuka kuelekea tumbo, huyu limesogea nyuma miraba mitatu mizima. Hakuhitaji mtaalamu wa takwimu. Alihitaji ujasiri, maana "yeye" alikuwa bwana nusu milimita.

Mama Usafi alikuwa mtu wa heshima. Aliona si vizuri kumvua mwenzake nguo mbele ya watu, kwa hiyo alimwendea Milimita kwanza, wawili peke yao, na kumwekea daftari mezani. Milimita alilitazama kwa uungwana.

"Nashukuru, mama," alisema. "Lakini rangi ya manyoya si kipimo cha kisayansi." Akachukua kalamu moja kati ya tatu, akamweleza kwa robo saa nzima habari za makosa ya nasibu, mtawanyiko na ushahidi wa kutosha. Mama Usafi aliitikia "ndiyo, mwanangu" kila alipovuta pumzi. Alipomaliza, mama akauliza:

"Mwanangu, unapofika kwenye ile reli unafanyaje?"

"Reli gani?"

Reli ya mlango wa zege ilichomoza sakafuni unene wa kidole, na Milimita alikuwa ameivuka mara nyingi kuliko siku alizonyoa ndevu. Mama Usafi alikuwa anaifahamu tangu enzi za deki. Mtu akiigonga kwa ndoo, maji yanamwagika na inabidi apige deki mara mbili. Basi mwili wake ulijifunza zamani kusimama, kukandamiza mpini, kuinua magurudumu ya mbele, kuyashusha kama unayelaza mtoto, kisha ya nyuma. Hakuwahi kudhani kwamba huo ni ujuzi. Milimita alisukuma kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu, na kitoroli kilipoigonga reli alikipa nguvu zaidi.

"Aliyelala hajishiki," mama alisema. "Kitanda hakisogei, lakini yeye anateleza juu ya kitanda. Picha inasema yuko hapa, yeye yuko pale."

Milimita alisema atalifikiria. Siku nne alilifikiria bila kumwambia mtu. Nyani haoni kundule, na akionyeshwa hujifanya anatazama miti. Siku ya tano Mama Usafi akaenda kwa Profesa.

Profesa alilipokea daftari kwa tabasamu la kumridhisha mtu mzima. Alipofika ukurasa wa tatu tabasamu liliondoka, akavaa miwani. Alipofika wa mwisho alimwita Milimita.

Jaribio lilifanyika siku iliyofuata. Palikuwa na panya mzee aliyekufa kifo chake asubuhi ile, bado hajakakamaa. Walimlaza kitandani kama aliye usingizini, wakaweka chini yake na ubavuni pake filamu inayogeuka rangi palipopigwa mwali. Picha ikapigwa, hesabu ikafanyika, Mama Usafi akasukuma. Filamu ilitoka na doa katikati ya msalaba waliouchora. Wakarudia, sasa kwa zamu ya Milimita. Alikisukuma kitoroli kwa mikono miwili, taratibu kama anayebeba mayai, akainua magurudumu kwenye reli vizuri kuliko mwalimu wake. Doa likakaa katikati.

"Mnaona," alisema.

Profesa alimgeukia Mama Usafi. Mama alisitasita, akatazama viatu vyake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Labda apigiwe simu."

Wakarudia mara ya tatu. Milimita alipofika katikati ya korido simu yake ikaita. Alikuwa Profesa, amesimama hatua kumi nyuma yake, akimwuliza kuhusu bajeti ya mtungi wa hewa. Mkono mmoja ukaenda sikioni. Kitoroli kikafika relini, kikagonga, kikapanda, kikavuka. Filamu ilipotolewa, doa lilikuwa limekimbia msalaba kwa milimita tatu na robo.

Milimita aliipima mwenyewe mara mbili. Akaipima tena kwa rula nyingine. Kisha akakaa kwenye kiti cha kuzungushwa. Mama Usafi angetaka kupiga makofi, angekuwa na haki, lakini alipomwona kijana ameinamisha kichwa alimletea glasi ya maji.

"Ni reli, mwanangu," alimwambia. "Kila mtu ana yake."

Ungedhani hadithi inaishia hapo, ukweli umejulikana na kila mtu amefurahi. Mama Usafi naye alidhani hivyo. Alirudi nyumbani siku ile akitembea kama msichana. Kesho yake Profesa akamwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamshukuru sana, akamwambia kwamba utafiti wote umekuwa batili, kwamba haiwezekani kutenganisha kilichofanywa na mwali na kilichofanywa na reli, na kwamba kamati ya maadili imekwisha kuandikiwa ombi la kurudia kila kitu.

"Kurudia," Mama Usafi alisema.

"Tangu mwanzo. Panya wapya themanini na wanane."

"Na hawa nilio nao?"

Profesa alivua miwani. Hawa, alisema, ingebidi wamalizwe wiki hiyohiyo. Hawana tena cha kutuambia.

Mama Usafi alikwenda chumbani kwake, yaani chumba cha wanyama, akafunga mlango. Tangu aanze kuandika miraba, moyoni alikuwa amejiambia kwamba anawatetea. Alijiona akisimama mbele ya wakubwa kwa niaba ya wasioweza kusema. Kumbe kwa kusema amewaandikia hawa wa kwanza siku yao, na kuwaita wengine themanini na wanane waje kuchukua nafasi. Angekaa kimya, Profesa angeandika kwamba matokeo hayakueleweka, mambo yangekwisha. Aliwaza hivyo mpaka akaona haya, maana alijua vilevile kwamba kukaa kimya kungewafanya themanini na wanane wa kwanza wawe wameteseka kwa ajili ya uongo. Njia zote mbili zilikuwa na miiba, na yeye hakuwa na viatu.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kikombe ambacho chai yake ilipoa.

"Kwani hao wa kwanza," aliuliza, "nani anawamaliza?"

Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuliuliza swali hilo, na mkewe hakuwahi kulijibu.

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Hewa ileile ya usingizi, inaongezwa. Nawashika mpaka watulie. Siwezi kumwachia mtu mwingine, atawaharakisha."

Mzee aliweka kikombe chini. "Wangapi, tangu uanze?"

Mama Usafi aliingia ndani akarudi na madaftari, kumi na manne, yamefungwa kwa kamba. Walikaa wakajumlisha, yeye anasoma, mzee anaandika pembeni ya gazeti. Jumla ilivuka elfu kumi na moja.

"Na wewe?" mke aliuliza. "Wako ni wangapi?"

Mzee Sumu aliifikiria kwa uaminifu. Alikumbuka mitaa, alikumbuka wateja, alikumbuka mwaka wa panya wengi.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Mimi nauza tu. Kwa mkono wangu sijaua hata mmoja. Siwezi, unajua mwenyewe."

Wakatazamana. Kisha mke akaanza kucheka, na mume akaanza kucheka kwa sababu mke anacheka, na walicheka mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Wakamwambia hakuna kitu. Jirani, ambaye kila siku alimsifu Mama Usafi kwa roho ya huruma na kumtazama Mzee Sumu kwa jicho la pembeni, alirudi kwake akiwa hajajua chochote.

Utafiti wa pili ulianza mwezi uliofuata. Profesa aliandika ombi la kununuliwa kifaa cha eksirei cha kufungwa ndani ya chumba cha protoni chenyewe, ili panya apigwe picha akiwa amekwisha kubanwa mahali pake, mwali ukimsubiri, bila kitoroli kati ya picha na mwali. Kila mtu aliona ni jambo la busara, hivyo lilichukua miezi kumi na mmoja. Wakati wakisubiri, Mama Usafi alikata tairi kuukuu vipande viwili, akavipunguza kwa kisu mpaka vikawa mteremko, akavilaza pande zote mbili za reli. Juu ya kila kitanda akafunga mkanda laini wa bendeji uliompitia panya mgongoni. Kwenye ripoti mambo hayo yaliitwa mfumo wa mpito wa kudhibiti mtikisiko wakati wa uhamishaji wa mnyama. Profesa alipomsomea, Mama Usafi aliuliza mfumo huo umenunuliwa lini, mbona hajauona.

Milimita naye alibadilika kwa namna yake. Aliacha simu ofisini. Alasiri aliposukuma kitoroli, alisimama mbele ya mteremko wa tairi kama anayesubiri ruhusa.

Matokeo ya mara hii yalikaa kwenye mstari. Uvimbe ulipungua kwa wote waliopigwa, na sehemu za nyuma ya uvimbe hazikuguswa, kama ilivyoahidiwa. Mama Usafi alijua wiki tatu kabla ya kompyuta, kwa sababu alikuwa akipima chakula kilichobaki kwenye vizimba, na kilichobaki kilikuwa kidogo. "Hawa wanakula," alimwambia Profesa. "Mwenye kuungua ndani hali hivi." Profesa, ambaye zamani angetabasamu, aliliandika.

Basi taasisi ikafanya hafla ndogo. Mkurugenzi alitoa hotuba juu ya ushirikiano wa sayansi, Milimita alionyesha grafu, na mwishoni Mama Usafi akaitwa mbele apokee cheti. Kilikuwa kizuri, kina ukingo wa rangi ya dhahabu. Kilisema kimetolewa kwake kwa mchango wake wa pekee katika kudumisha usafi wa korido. Ofisi ya utawala iliulizia huyu mama ni nani, ikaambiwa Mama Usafi, ikamaliza yaliyobaki yenyewe.

Watu walipiga makofi. Profesa alikisoma kutoka pembeni na uso ukambadilika. Hafla ilipokwisha alimfuata mama hadi chumba cha wanyama.

"Nitawarudishia waandike upya," alisema. "Nimeona aibu, mama. Niambie kitu unachotaka. Chochote kilicho mkononi mwangu, nitakifanya."

"Cheti kiacheni," Mama Usafi alisema. "Korido nimeipiga deki kweli." Alikuwa akimkagua panya masikio, hakuinua uso. "Kuna kitu kimoja. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya hawa. Naomba mje. Wewe na yeye."

"Kuangalia?"

"Kufanya."

Profesa alikuwa na mkutano Ijumaa. Aliufuta.

Saa mbili asubuhi walikuwa watatu ndani ya makoti meupe na glavu, mbele ya sanduku la kioo. Mama Usafi aliwaonyesha: msimshike mkia, mwekeeni kiganja, apande mwenyewe. Profesa alikumbuka. Aliwahi kuifanya kazi hii akiwa mwanafunzi, kisha akapanda cheo na kuiachia ngazi za chini, na sasa mikono yake ilirudi kwenye mazoea huku uso wake ukiwa mzito. Milimita alichukua muda. Panya wake wa kwanza alipanda kiganjani, akanusa pindo la koti, akaanza kujipangusa masharubu.

"Inachukua dakika ngapi?" Milimita aliuliza.

"Tano. Lakini usitazame saa. Mtazame yeye."

Alimtazama. Mama Usafi aliandika namba za masikio, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetulia alimgusa kifuani kwa kidole kuhakikisha, kisha akawapa wenzake. Ilipokaribia saa sita walikuwa wamefika themanini na wanane. Profesa alitoka na vipande vya mapafu vya kupelekwa maabara. Milimita alibaki, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, glavu bado mkononi.

"Mara zote mbili tulihitaji wengi kwa sababu tulitarajia makosa," alisema, kama anayezungumza na sakafu. "Kosa likiwa kubwa, unahitaji wengi ili ukweli uonekane kati ya fujo. Kifaa cha picha kikifungwa mlemle ndani, kosa linashuka. Kosa likishuka, panya wanashuka."

"Wanashuka mpaka wangapi?"

Milimita alivua glavu, akachukua kalamu mfukoni, akavuta boksi tupu la glavu na kuanza kupiga hesabu ubavuni mwake. Alifuta, akaandika tena. Mama Usafi alikuwa akifagia maranda yaliyoanguka, lakini fagio lilikwenda polepole. Mwishowe kijana alizungushia namba duara, akamwonyesha. Hamsini na mbili.

Mama Usafi aliegemeza fagio ukutani, akaisoma namba ile kwa muda, akamrudishia boksi.

"Piga tena," alisema.